Begi Hili Likipotea, Nitafanyaje?

Somo la mwezi: kufunga mizigo kwa safari za aina mbalimbali

Likizo za shule zinakaribia, na maswali ya safari yameanza. Huyu anakwenda kumwona kaka yake Manchester, yule mtoto wake anakwenda kambi ya shule, mama mwingine anakaribia kujifungua. Wapo pia wanaojiandaa kwenda Kampala, Nairobi au Dar es Salaam kwa mara ya kwanza tangu wahamie hapa Harrow.

Baada ya kusoma somo hili utaweza:

1. Kupanga kila kitu mahali pake: mwilini, mkononi, au ndani ya begi kubwa.
2. Kufunga mizigo inayolingana na safari unayokwenda.
3. Kujua vitu vinavyoweza kukuletea matatizo mpakani au uwanja wa ndege.

Soma taratibu, ikiwezekana pamoja na wale mnaosafiri nao. Mwishoni kuna zoezi.

1. Nilichojifunza Kampala

Niruhusuni nianze na kosa langu mwenyewe. Nilipotoka kambini kuja Uingereza nilikuwa na ule mfuko mweupe wa plastiki wenye alama ya IOM. Wengi wenu mnaukumbuka. Ndani yake kulikuwa na karatasi zetu zote, na tuliambiwa tusiuachie mkono hata tukienda chooni. Nilitii. Usiku mzima ndani ya ndege niliulalia.

Miaka kadhaa baadaye nilipata hati ya kusafiria, nikakata tiketi kwenda kumwona dada yangu Kampala. Safari hii nilikuwa na mabegi mawili makubwa. Nilijaza zawadi: viatu vya watoto, blanketi, sabuni, simu mbili za zamani. Mimi natumia dawa ya shinikizo la damu kila siku. Nikaziweka dawa katikati ya blanketi zisipondeke, kisha nikafunga zipu na kufuli.

Begi lile halikufika nami. Lilikuja baada ya siku nne. Siku ya pili kichwa kilianza kuniuma, dada akanipeleka duka la dawa. Mfamasia akaniuliza, "Mama, unatumia dawa gani, na ya miligramu ngapi?" Sikujua. Niliweza kumwambia tu kwamba ni vidonge vidogo vyeupe. Akanitazama kwa huruma, akasema, "Mama, vidonge vyeupe hapa ninavyo aina mia." Ikabidi tukatafute daktari, tupime upya, tulipe upya. Dada yangu, ambaye nilikuwa nimempelekea zawadi, akatumia akiba yake kwa ajili yangu.

Nikakumbuka mfuko mweupe. Nilipokuwa sina kitu nilijua kipi nisikiachie mkono. Nilipopata mabegi mawili nilisahau.

2. Swali moja, mahali patatu

Tangu siku ile, kila kitu ninachokishika wakati wa kufunga mizigo nakiuliza swali moja: begi hili likipotea, nitafanyaje? Jibu ndilo linalonionyesha mahali pa kukiweka. Mahali ni patatu tu.

Mwilini. Hapa panakaa vitu ambavyo vikipotea safari inakwama: hati ya kusafiria, simu, kadi ya benki na fedha kidogo. Viweke kwenye mkoba mdogo unaovaliwa begani au kiunoni, usiotoka mwilini hata ukilala.

Mkononi. Hapa ni begi dogo unaloingia nalo ndani ya basi, treni au ndege. Linabeba vitu ambavyo vikipotea utaumia kabla ya kesho: dawa, miwani, chakula cha mtoto, nepi, nguo moja ya kubadilisha kwa kila mtu, chaja, na nakala za karatasi muhimu.

Ndani ya begi kubwa. Hapa panakaa vitu ambavyo vikipotea utasikitika, lakini utaendelea na safari: nguo, viatu, zawadi, vyakula.

Ukishaelewa mahali hapa patatu, sehemu kubwa ya somo umeimaliza. Yanayofuata ni kuutumia utaratibu huu katika safari tofauti.

3. Safari ya siku mbili ndani ya Uingereza

Kosa la kawaida hapa ni kubeba mzigo mkubwa kuliko safari. Tumetoka mahali ambapo safari ya basi ya saa sita inaweza kuwa ya siku mbili, kwa hiyo tunabeba sufuria, unga na blanketi. Hapa Uingereza mzigo ni wako mwenyewe kuanzia mlangoni: hakuna kondakta wa kuurusha juu ya gari, wala kijana wa kuubeba kwa ujira mdogo.

Fikiria njia yenyewe. Kwenda kituo cha mabasi ya masafa marefu cha Victoria, kutoka Harrow-on-the-Hill unapanda treni ya Metropolitan, unabadilisha kwenda Jubilee pale Wembley Park au Finchley Road, unabadilisha tena Green Park, ndipo unafika Victoria. Ukiwa na watoto wawili na mabegi matatu, kila badiliko ni jasho. Kabla ya kutoka angalia ramani ya treni inayoonyesha vituo visivyo na ngazi, hasa kama una kigari cha mtoto. Pima begi lako hivi: libebe mwenyewe ukipanda ngazi za nyumbani, ukiwa umemshika mtoto kwa mkono wa pili. Ukishindwa, punguza.

Kwa siku mbili mtu mzima anahitaji nguo mbili za kubadilisha, nguo ya kulalia, mswaki, dawa zake, na koti la mvua hata kama asubuhi jua linawaka. Watoto waongezee nguo moja zaidi. Chapati, maandazi na chupa ya chai vitakuokolea fedha nyingi njiani. Samaki wa kukaanga waache nyumbani, maana ndani ya basi lililofungwa madirisha harufu haina pa kwenda.

4. Mtoto anapokwenda safari ya shule

Shule nyingi za msingi hupeleka watoto wa madarasa ya juu kulala kambini siku kadhaa. Barua itakuja na orodha ya vitu. Wazazi wengi wakiiona orodha hiyo huingiwa na hofu: gambuti, koti la mvua, mfuko wa kulalia, tochi, soksi jozi nane. Wengine humzuia mtoto asiende, wakidhani kila kitu ni lazima kiwe kipya.

Si lazima. Shule yenyewe mara nyingi inashauri nguo za zamani, kwa sababu zitarudi na matope. Anza na maduka ya mitumba ya hisani. Ukikosa gambuti au mfuko wa kulalia, waulize ofisi ya shule, au utuulize sisi, kwani vitu hivi huazimwa. Kuhusu malipo, fahamu kwamba familia zinazopata baadhi ya misaada ya serikali, ikiwemo Universal Credit kwa masharti yake, zinaweza kusamehewa gharama ya chakula na malazi kama safari iko ndani ya muda wa shule. Nenda ofisini kwao uulize bila haya. Wanaulizwa hivyo kila mwaka.

Sasa begi lenyewe. Mwache mtoto alifunge mwenyewe, wewe ukiwa umekaa pembeni na orodha. Mama mmoja alimfungia mwanawe begi zuri, kila kitu kimepigwa pasi na kukunjwa. Mtoto akarudi siku ya tano na suruali ile ile aliyoondoka nayo. Hakujua nguo nyingine ziko wapi, na akaona aibu kumwaga begi lote mbele ya wenzake. Mtoto akifunga mwenyewe anajua mahali pa kila kitu.

Mambo mengine matatu ya kukumbuka:

- Andika jina la mtoto kwenye kila nguo, hata soksi.
- Dawa mpe mwalimu mkononi, zikiwa kwenye boksi lake lenye jina la mtoto. Dawa ya pumu ya kuvuta, ulizia kama mtoto atakaa nayo mwenyewe.
- Waambie mapema kuhusu chakula: kama ni halali, kama hali nyama fulani, kama ana mzio.

Na kama mtoto hajawahi kulala mbali nawe tangu mlipokimbia nyumbani, mweke kitu kidogo cha nyumbani ndani ya begi. Kipande cha kitenge chako kinatosha. Mwambie pia mwalimu wake, ili ajue kwa nini mtoto anaweza kuamka usiku.

5. Mkoba wa kujifungulia

Safari ya kwenda Hospitali ya Northwick Park ni fupi kuliko zote kwenye somo hili, lakini ndiyo isiyongoja. Mkoba uwe tayari angalau wiki tatu kabla ya tarehe uliyopewa, na ukae karibu na mlango, mahali ambapo mume, jirani au mtoto mkubwa anajua.

Ndani ya mkoba weka rekodi zako za ujauzito, dawa unazotumia, nguo pana za kuvaa wakati wa uchungu, ndala, pedi kubwa, chupi kadhaa, sidiria ya kunyonyeshea, sabuni na mswaki, chaja yenye waya mrefu, na vitafunwa. Kwa mtoto weka nepi, nguo za ndani, kofia, blanketi, na nguo ya kutokea nje. Kanga au kitenge ni chako, kibebe. Hakuna atakayekukataza kumfunika mwanao kwa kitambaa cha kwenu.

Kama mtarudi nyumbani kwa gari, mtahitaji kiti cha mtoto cha gari. Mkipate mapema na mjifunze kukifunga kabla ya siku yenyewe. Kwa usalama wa mtoto, jihadhari na kiti cha mtumba ambacho hamjui kama kiliwahi kupata ajali.

Kwenye karatasi moja andika kwa Kiingereza: jina lako, tarehe ya kuzaliwa, mzio, namba ya simu ya mtu wa karibu, na lugha unayozungumza. Una haki ya kuomba mkalimani na hulipii. Uchungu ukishika, hata anayejua Kiingereza hukisahau.

6. Safari ya Afrika Mashariki

Hapa ndipo penye mambo mengi, kwa hiyo tutakwenda hatua kwa hatua.

Karatasi kwanza, tiketi baadaye. Mwenye hati ya kusafiria ya mkimbizi haruhusiwi kuitumia kwenda nchi aliyoikimbia. Ukitaka kwenda huko kwa njia yoyote, hata kwa msiba, zungumza kwanza na mshauri wa uhamiaji aliyesajiliwa, kwa sababu safari hiyo inaweza kugusa hadhi yako hapa. Kwa nchi nyingine, uliza ubalozi wake kama wanaikubali hati yako na kama unahitaji viza. Usitegemee jibu la rafiki mwenye pasipoti ya Uingereza, kwani masharti yake na yako hayafanani.

Kadi nyingi za ukaazi, zile za BRP, ziliandikwa kwamba zinaisha 31 Desemba 2024. Sasa uthibitisho wako ni viza ya kielektroniki, eVisa. Kabla ya safari ingia kwenye akaunti yako ya UKVI uhakikishe kwamba hati unayosafiria nayo imeunganishwa humo. Kama haijaunganishwa, unaweza kuzuiwa kwenye kaunta ya kurudi, ukiwa mbali na nyumbani na watoto wanalia. Ukihitaji msaada, njoo ofisini na hati na simu yako.

Ukisafiri na mtoto bila mzazi mwenzako, beba barua ya ridhaa yake na cheti cha kuzaliwa cha mtoto, hasa kama majina yenu ya ukoo hayafanani. Anayekwenda Zanzibar ajue kwamba tangu 1 Oktoba 2024 wageni kutoka nje ya nchi wanatakiwa kununua bima ya safari ya huko kabla ya kuingia. Karatasi zote zipige picha, kisha umtumie ndugu mmoja hapa na mwingine kule.

Afya ni sehemu ya mizigo. Hili naomba mlisome mara mbili. Wengi wetu tunasema, "Mimi nimekulia huko, malaria naijua." Lakini kinga uliyokuwa nayo inapungua ukikaa mbali, na watoto waliozaliwa hapa hawana kabisa. Wengi wa wanaorudi Uingereza na malaria ni watu kama sisi, waliokwenda kuwatembelea ndugu. Watalii hunywa vidonge. Sisi tunaona haya kuonekana tumekuwa wageni.

Mwone mfamasia, nesi au GP wiki sita hadi nane kabla ya safari. Vidonge vya kuzuia malaria kwa kawaida hununuliwa, kwa hiyo vihesabu pamoja na bei ya tiketi. Vinaanza kumezwa kabla ya kuondoka na vinaendelea baada ya kurudi. Aina nyingine ni siku saba baada ya kurudi, nyingine wiki nne, fuata maelezo ya boksi. Chanjo za homa ya matumbo na homa ya ini aina ya A hupatikana bure kwa NHS. Chanjo ya homa ya manjano hulipiwa, na lazima ichomwe angalau siku 10 kabla ya kuingia nchi inayoitaka. Uganda na Kongo huiomba kadi yake. Tanzania huiomba kwa wanaotoka nchi zenye ugonjwa huo, kwa hiyo anayepitia Uganda kwenda Kigoma aibebe. Kama ulichanjwa kambini na bado una ile kadi ya njano, itunze: tangu Julai 2016 cheti hicho ni cha maisha yote.

Dawa zako za kila siku ziwe mkononi, kwenye boksi lake la asili lenye jina lako, pamoja na nakala ya karatasi ya GP inayotaja dawa. Ongeza za siku kadhaa zaidi, kwa ajili ya ndege kuchelewa. Kosa la Kampala lisiwe lako.

Kilo. Tiketi nyingi za huko huruhusu begi moja au mawili ya kilo 23, lakini soma tiketi yako mwenyewe. Huna mzani wa mabegi? Tumia wa bafuni. Jipime peke yako, kisha ujipime ukiwa umebeba begi. Kama ni kilo 71 halafu kilo 95, begi ni kilo 24, umezidi kilo moja. Kuzidisha uwanja wa ndege ni ghali, na utakuwa unafungua begi sakafuni mbele ya foleni.

Zawadi ndizo zinazotuzidishia kilo. Kabla ya kununua, piga simu uulize. Sabuni, sukari na blanketi vinauzwa Kampala na Mombasa. Ndugu wengi watafurahi zaidi ukiwapa fedha kidogo ya kununulia huko huko. Beba vile wasivyovipata kirahisi, au vile vyenye jina la mtu: miwani ya kusomea ya babu, viatu vya mpira vya mpwa wako kwa namba yake. Acha pia nafasi ya mambo mawili. Nairobi mwezi wa Julai na Agosti ni baridi, watoto wahitaji sweta. Soketi za umeme za Kenya, Uganda na Tanzania ni zile zile za pini tatu za hapa, kwa hiyo huna haja ya kununua kiunganishi.

Mkononi na tumboni mwa ndege. Pawabenki na betri za akiba za simu haziruhusiwi kwenye begi kubwa, kwa sababu zinaweza kuwaka moto. Ziwe mkononi. Visu na mikasi mikubwa viwe kwenye begi kubwa. Kuhusu vimiminika, viwanja vingine vimelegeza masharti, lakini uwanja utakaorudia huenda bado unafuata ile ya zamani: kila chupa isizidi mililita 100, zote ndani ya mfuko mmoja mdogo unaoonyesha. Kwa hiyo funga kwa kipimo cha 100, hutajuta. Kumbuka kwamba mafuta ya nazi, asali na siagi ya karanga vinahesabiwa kuwa vimiminika.

Mifuko ya plastiki. Hapa tumezoea kufungia viatu kwenye mifuko ya dukani. Rwanda iliipiga marufuku mwaka 2008, Kenya tangu 28 Agosti 2017, na Tanzania Bara tangu 1 Juni 2019. Tanzania iliruhusu mifuko midogo ya zipu ya kuwekea sabuni na dawa ya meno, mradi uondoke nayo. Viatu vifunge kwa kitambaa au ndani ya kitenge.

Kwenda Heathrow. Basi la SL9 linatoka kituo cha mabasi cha Harrow hadi Heathrow Central, ambako ni Terminali 2 na 3. Kama tiketi yako imeandikwa 4 au 5, treni ya kutoka hapo kwenda huko ni bure. Nafasi ya mizigo ndani ya basi ni ndogo, na nafasi ya kiti cha magurudumu si ya mabegi. Familia kubwa yenye mabegi sita ifikirie teksi au gari la ndugu.

7. Mzigo wa mwenzio

Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Aliyeubeba mwingine huuona mwepesi. Ukitangaza safari, siku ya pili simu itaanza kulia: nibebee hiki, ni kidogo tu.

Uwanja wa ndege watakuuliza: "Did you pack this bag yourself?" Maana yake, je, begi hili umelifunga wewe mwenyewe? Ukijibu ndiyo, chochote kilichomo ni chako mbele ya sheria, hata kama hujui kilivyoingia. Kwa hiyo usibebe kifurushi kilichoshonwa au kuzungushiwa gundi ambacho hukukiona ndani.

Kumkatalia mzee ni vigumu, lakini yapo maneno ya heshima:

— Shikamoo, mzee.
— Marahaba, mwanangu. Nasikia unakwenda Kigoma. Nipelekee hiki kwa mdogo wangu.
— Kwa furaha, mzee. Ila naomba tukifungue pamoja, nikipange vizuri ndani ya begi langu. Uwanjani nitaulizwa kila kitu.
— Kwani huniamini?
— Nakuamini, mzee. Wao ndio hawatujui, mimi wala wewe.

Mwenye nia njema atafungua. Asiyetaka kufungua, amekujibu.

8. Kurudi Harrow

Safari ya kurudi ina masharti kuliko ya kwenda. Usilete nyama ya aina yoyote, hata iliyokaushwa, wala maziwa, jibini au samli. Vitachukuliwa. Samaki waliokaushwa, kama dagaa, wanaruhusiwa kwa matumizi ya nyumbani hadi kilo 20. Mboga mbichi kama sombe na matembele, pamoja na mbegu na miche, huhitaji cheti cha afya ya mimea. Sheria hizi hubadilika, hivyo angalia tovuti ya serikali wiki ya kuondoka.

Miraa, au mirungi, ni halali kwa baadhi ya mnakotoka, lakini Uingereza iliipiga marufuku tangu 24 Juni 2014. Kichane kimoja kinaweza kukuletea kesi. Dawa kali za maumivu na krimu za kung'arisha ngozi zenye hidrokwinoni nazo usizibebe. Na fedha taslimu za pauni 10,000 au zaidi lazima zitangazwe, unapotoka na unapoingia.

Mwisho, homa. Ukipata homa wakati wowote ndani ya mwaka mmoja baada ya kurudi, piga simu 111 au nenda hospitali siku hiyo hiyo, useme waziwazi: nilikuwa Afrika, huenda ni malaria. Usingoje ipite.

Zoezi

Weka kila kitu mahali pake: mwilini, mkononi, begi kubwa, au nyumbani.

1. Dawa ya pumu ya mtoto
2. Pawabenki
3. Vitenge vitatu vya zawadi
4. Hati ya kusafiria
5. Chupa ya mafuta ya nazi ya mililita 500
6. Kifurushi cha jirani kilichoshonwa
7. Suruali ya kubadilisha ya mtoto
8. Kisu kipya cha jikoni cha shangazi

Majibu: 1 mkononi. 2 mkononi. 3 begi kubwa. 4 mwilini. 5 begi kubwa, kifuniko kikiwa kimekazwa. 6 nyumbani, mpaka kifunguliwe mbele yako. 7 mkononi. 8 begi kubwa.

Maswali ya kujadili nyumbani

- Katika familia yetu, nani anatumia dawa kila siku? Je, kila mtu mzima anajua jina la dawa hiyo?
- Tukisafiri kesho, karatasi zetu ziko wapi? Tunaweza kuzipata kwa dakika tano?
- Safari iliyopita, ni kitu gani tulikibeba kwenda na kurudi bila kukigusa?

Neno la kumalizia

Najua baadhi yenu bado mnalala na begi limefungwa karibu na mlango. Mimi pia nilifanya hivyo miaka miwili ya kwanza. Sitakuambia ulifungue, utalifungua siku utakapokuwa tayari. Ninaomba kitu kimoja tu: jioni moja wiki hii lifungue ulikague. Toa nguo za watoto zilizokuwa ndogo, weka karatasi za sasa mahali pa zile za zamani, andika jina la dawa ya mama na kipimo chake.

Mtakaosafiri, safari njema, na mrudi salama. Mkirudi, tuambieni mlichosahau kubeba, tukiongeze kwenye somo la mwakani.